Waya wa Chini ya Kiti

Alhamisi ya tarehe 18 Aprili 2024, saa saba na robo mchana, nyoka aina ya kifutu alimgonga Gaudensia kwenye kiganja akipalilia maharage, na ilipofika saa kumi na moja jioni Hermani hakuwa na mke tena. Katikati ya saa hizo palikuwa na boti.

Hilo ndilo alilowaambia watu msibani, na ndilo aliloendelea kuwaambia mwaka mzima, hata wale waliokuwa wameshachoka kulisikia. Nyoka hakumuua mke wangu, alisema. Nyoka alimgonga tu. Waliomuua wana mihuri.

Siku ile barabara ilikuwa imekatika. Daraja la korongoni lilisombwa na mvua za Machi, wakubwa wakaja na magari mawili, wakashuka, wakayapiga picha maji, wakaondoka. Njia ya kufika kwenye gari la kwenda hospitali ilibaki moja, kuvuka Ziwa Basotu. Boti ya kamati ilikuwepo, ya bluu, na mwendeshaji wake alikuwa Hermani mwenyewe. Alimlaza Gaudensia kwenye kiti cha mbele, akampaka sabuni mkononi na kumvua bangili yake ya shaba kabla uvimbe haujaimeza, akaitia mfukoni, akawasha injini. Ikashika. Walipofika katikati, matete yaliyong'olewa na mvua yakajisokota kwenye pangaboi. Akazima, akayakata kwa panga. Hazikupita dakika tano. Akarudi kwenye ufunguo, akazungusha.

Tik.

Akazungusha tena. Tik. Taa ndogo ya betri ilikuwa inawaka vizuri kabisa, nyekundu, kama inamcheka. Kamba ya kuvutia injini kwa mkono ilikatika kabla boti haijaletwa wilayani Hanang, na hakuna aliyeirudisha kwa kuwa ufunguo ulikuwepo. Kasia lilikuwa moja. Upande wa kushoto walikuwa viboko wenye watoto, ikabidi azunguke mbali nao. Hermani alipiga kasia karibu saa tatu. Gaudensia alizungumza nusu ya kwanza ya safari. Aliuliza kama mbuzi wamefungwa.

Boti ile ilinunuliwa na kamati ya uvukaji miaka minne kabla ya siku hiyo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bonaventura, kaka yake Gaudensia, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kupanda mahindi. Ilitoka Ziwa Victoria juu ya lori, mali ya mfanyabiashara wa samaki aliyeitwa Isidori, na kabla ya Isidori ilikuwa na wenyewe wengine, ambao majina waliyoipa yalikuwa bado yanaonekana ubavuni chini ya rangi, moja juu ya jingine. Kamati ilipeleka watu wanne kuikagua. Wote walikuwa wakulima na wafugaji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kununua kitu kikubwa ambacho hakili majani. Basi wakainunua kama wanavyonunua ng'ombe mnadani. Waliizunguka. Waliigonga ubavuni kwa ngumi, wakasikiliza. Walipitisha viganja mgongoni kutafuta makovu. Wakauliza imetokea wapi, imepita kwa nani, kwa nini inauzwa. Isidori alijibu kila swali kwa sauti ya upole. Mwisho akaulizwa mara tatu, kama ilivyo desturi yao, kama ana neno lolote analoficha juu ya mnyama huyu, na mara tatu akasema hana. Baada ya hapo, kwa watu wale, hapakuwa na la kuuliza tena. Ng'ombe hapasuliwi mnadani ili watu waangalie maini. Chini ya kiti cha mbele palikuwa na kifuniko chenye skrubu nne, na hakuna aliyekigusa.

Bonaventura akaweka sahihi, akapiga muhuri, akatoa hotuba.

Baada ya msiba boti ilivutwa ikaachwa kwenye matete. Kwa mila za zamani za Wairaqw, aliyefiwa na mwenzi wake hutengwa. Hukaa peke yake, hali na watu wala hashikani nao mikono, mpaka wakati ufike afunguliwe. Siku hizi watu wanakwenda kanisani na mambo hayo yamepungua, na hakuna aliyemtenga Hermani kwa mdomo. Boti ndiyo iliyotengwa. Hata wavuvi hawakuanika nyavu juu yake. Kila alipopita pale, Hermani aliona kwamba wao wawili wamewekwa kundi moja.

Angeiacha ioze. Tatizo lilikuwa Natalia.

Natalia alikuwa mtoto wake pekee, ameolewa kitongoji kilekile, na Machi ya mwaka uliofuata mimba yake ya kwanza ilikuwa na miezi minane. Nesi wa zahanati alimpapasa tumbo akasema mtoto amelala kikingama, asijaribu kuzaa pale, apelekwe hospitali mapema. Daraja lilikuwa bado. Pale korongoni palisimikwa kibao kinachosema litajengwa.

Hermani alimfuata Bonaventura nyumbani kwake.

"Karibu shemeji, kaa," Bonaventura alisema.

"Sikuja kukaa. Nataka boti itengenezwe."

"Tumeshaandika barua."

"Mwaka jana mliandika barua."

"Na mwaka huu tumeandika ya kukumbushia ile."

"Natalia ni mpwa wako, Bonaventura."

"Ndiyo maana hiyo ya kukumbushia nimeiandika kwa mkono wangu."

Hermani alitazama ukutani, kwenye kalenda yenye picha za watu waliovaa suti. Yeye aliishia darasa la nne. Barua kwake ilikuwa kitu kinachotoka kwa mtu mmoja kikaenda kulala kwa mtu mwingine.

"Basi nipe ruhusa niifungue mimi."

"Hiyo ni mali ya kamati, itabidi kikao." Bonaventura akafikiri, akakuna shingo. "Haya, fungua. Ila usiharibu kitu."

Hermani alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri kukisikia.

Alimwita Lukasi, fundi wa pikipiki kutoka Katesh, mtu wa miaka arobaini mwenye vidole vyeusi visivyotakata tena hata kwa sabuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai njiani."

"Basi anzia hapo, chini ya kiti."

Kifuniko kilipotoka, wote wawili walichungulia. Ndani palikuwa kama kiota cha ndege asiye na akili. Nyaya nyekundu zimeungwa na za kijani, za kijani zimeungwa na waya mweupe wa taa za nyumbani, na hapakuwa na kiungo kilichopigwa lehemu. Viungo vyote vimesokotwa kwa vidole, vikavishwa chochote kilichokuwa karibu. Lukasi aliinama muda mrefu. Halafu akaanza kuwasoma wenye boti, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechambua mahindi.

"Huyu wa kwanza alijua kazi. Ona, amebana kwa plaizi, ametia tepu ya kweli. Huyu wa pili ni fundi redio. Waya zake zote nyembamba, utadhani boti inasikiliza taarifa ya habari."

"Na wa tatu?"

"Fundi viatu."

Hermani alidhani anatania, akainama naye. Kiungo kilikuwa kimevikwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kikashonwa kwa uzi wa viatu, mishono mizuri iliyonyooka.

"Na fyuzi iko wapi?"

"Fyuzi ni huu msumari."

"Boti ilikuwa inatembea na msumari?"

"Mzee, nchi hii vitu vingi vinatembea na msumari."

Ukabaki waya mkubwa, ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata ya kuwashia injini, mnene kama kidole gumba, mweusi, safi kuliko zote. Lukasi aliukunja. Haukukunjika inavyotakiwa, ulitoa sauti ya mchanga. Akauchana kwa wembe. Ndani hapakuwa na shaba. Palikuwa na nyuzi sita za seng'enge, zimesokotwa pamoja zikachomekwa ndani ya ngozi ya waya kwa urefu wa mikono miwili, na kutu ilikuwa imezila mpaka zikabaki mbili. Unga mwekundu ulimwagika kwenye kiganja cha fundi.

"Na huyu wa nne ni fundi gani?" Hermani aliuliza.

"Huyu wa nne si fundi. Ni mwizi. Ametoa shaba yote, akajaza chuma, akarudisha ngozi mahali pake. Chuma kikiwa kipya kinasukuma stata kwa shida, kinapata moto, lakini kinasukuma. Kikishaliwa na kutu, siku kinashika, siku hakishiki. Kinabaki kuwasha taa tu."

Taa nyekundu. Hermani alikaa kwenye tope bila kuangalia anakalia nini.

"Ni Isidori," alisema baadaye. "Au ni sisi. Seng'enge hii ndiyo iliyozungushiwa ofisi ya kamati."

"Mzee wangu, seng'enge hii imezungushiwa nusu ya wilaya."

Walifanya kazi siku nne. Walitoa viraka vya redio na vya viatu, msumari ukaondoka, fyuzi ya kweli ikaingia. Waya mkubwa ndio uliowashinda. Barua ya kukumbushia haikujibiwa. Mtu mmoja wa Nangwa alikuwa na trekta lililokufa uani, na aliposikia waya unatafutwa kwa kazi gani aliwaambia wachukue wa kwake, kwa kuwa naye aliwahi kufiwa njiani. Walipoufikisha ziwani na kuupima, ulipungua shubiri moja.

"Tusogeze betri," Hermani alisema.

Lukasi akamwonyesha. Sanduku la betri lilikuwa limesakafiwa kwa saruji, pale mbele, na mmoja wa wale wa zamani, ili betri isiibiwe. Kulivunja ni kupasua boti.

"Walilinda betri kwa saruji," Hermani alisema, "shaba ikaondoka."

"Nitafutie kipande cha shaba nzito cha shubiri moja. Hata kama si waya. Nitakibana huku na huku."

Mkono wa Hermani ulikuwa tayari ndani ya mfuko wa koti, mahali ambapo bangili ilikuwa imekaa tangu siku ile.

Aliinunua kwa Gidabuday, mhunzi wa Kibarabaig wa kule Gendabi, kwa sababu Gaudensia alisumbuliwa na baridi ya viungo na alisikia shaba inaivuta. Ikamsaidia, au alisema imemsaidia. Sasa Hermani alirudi kwa mhunzi yuleyule, akamkuta amekaa mbele ya moto wake, mifuo ya ngozi ya kuupulizia ikiwa miguuni, na baada ya salamu ndefu za watu wazima akamwekea bangili kwenye kiganja.

"Inyooshe. Utoboe kila ncha."

"Mama amekataa kuivaa?"

"Mama amekufa."

Gidabuday alimpa pole. Halafu akaigeuza bangili kwenye mwanga, akaigeuza tena.

"Shaba hii naikumbuka," alisema. "Ililetwa ikiwa na manyoya. Nyuzi nyingi, nyembamba, laini. Nilisikitika kuiyeyusha. Nyingine ilikuwa bado imeng'ang'ania ngozi nyeusi."

Moto ulilia. Hermani alisikia sauti yake mwenyewe ikitokea mbali.

"Ilitoka wapi?"

"Aliyeileta alisema ni waya wa mashine iliyokufa. Ni mwaka ule ng'ombe walipougua miguu."

Mwaka ule ng'ombe walipougua miguu ndio mwaka boti ilipoletwa.

"Alikuwa nani?"

"Mtu wa pikipiki. Hakuvua kofia yake. Sisi wahunzi hatuulizi, tukiuliza hatuletewi." Akachochea moto. "Ila alinisalimia kwa Kiiraqw, na Kiiraqw chake kilikuwa cha kuzaliwa nacho."

Isidori alikuwa mtu wa ziwa kubwa. Kiiraqw hakukijua hata cha kuombea maji. Hermani alisimama pale akihesabu vidole, nani alikuwa na pikipiki mwaka ule, nani alikuwa na ufunguo wa boti. Pikipiki zilikuwa nyingi. Ufunguo ulikuwa kwa watu wawili, Bonaventura na yeye, na wa kwake ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo kila aliyeingia kunywa maji aliuona.

"Niendelee," Gidabuday aliuliza, "au niache?"

"Piga."

Nyundo ikashuka. Ile duara iliyokuwa na ukubwa wa mkono wa Gaudensia ikafunguka, ikawa kijiti. Urefu wake ulikuwa shubiri moja na zaidi kidogo.

Lukasi alikibana, akakivisha tyubu, akaziba kwa nta ya nyuki kwa sababu hapakuwa na kingine cha kuzuia maji. Alipomaliza alikaa kitako akaitazama kazi yake bila furaha.

"Sasa mzee, fundi mwingine akija kufungua hapa, atasema huyu wa tano alikuwa nani?"

"Atasema alikuwa mjinga," Hermani alijibu. "Itavuka?"

"Nimeijaribu mara tatu, imeshika mara tatu. Zaidi ya hapo sikuapii. Usizime katikati. Ukizima, sijui."

Natalia alikuwa apelekwe wiki ya mwisho kabla ya siku zake. Siku hazikumsubiri. Jumatatu ya pili ya Aprili, saa nane mchana, mvua ikinyesha tangu asubuhi, mumewe alimleta ziwani akiwa amemshika kwapa. Alikuwa amejifunga kitenge cha mama yake. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri na hakumwambia mtu, akidhani utapita.

Bonaventura naye alifika, chini ya mwavuli, na daftari kwapani.

"Shikamoo mjomba," Natalia alisema, meno yamebana.

"Marahaba mwanangu. Pole. Weka sahihi hapa kwanza."

Tangu kifo cha Gaudensia kamati ilikuwa imeweka utaratibu kwamba kila abiria aandike amepanda kwa hiari yake. Natalia aliandika jina lake kwenye karatasi iliyolowana, akasimama katikati ya herufi maumivu yapite, akamalizia.

Hermani alikuwa ndani ya boti. Alingoja mkwewe amlaze Natalia kwenye kiti cha mbele, kilekile, kwa kuwa kingine cha kulalia hakikuwepo. Halafu akasema, bila kupandisha sauti:

"Gidabuday anasema aliyempelekea shaba ya boti hii alimsalimia kwa Kiiraqw."

"Wairaqw ni wengi, shemeji."

"Wenye ufunguo walikuwa wawili."

"Basi nusu ya kesi ni yako." Bonaventura aliufunga mwavuli, mvua ikampiga usoni. Alikuwa amekonda tangu mwaka jana. Hermani hakuwa ameliona hilo mpaka wakati ule. "Unadhani mimi nalala bila kumwona dada yangu? Mwaka mzima unanitangaza msibani na kanisani, nimenyamaza. Sasa nikuulize mbele ya mtoto wako. Tulipokwenda kwa Isidori watu wanne, nani aliyeigonga ubavuni akaweka sikio? Nani aliyesema, huyu ni mzima, mchukueni? Mimi niliandika ulichosema wewe. Wewe ndiye mwenye jicho la ng'ombe."

Mkwewe aliangalia maji. Natalia aliinua kichwa akamtazama baba yake. Hilo ndilo neno moja ambalo Hermani hakuwahi kulisema msibani, wala mahali pengine.

"Ulinipa kugonga tu," alisema mwisho. "Hukunipa bisibisi. Mwenye muhuri ulikuwa wewe."

Alikaa nyuma, akafuta mkono kwenye suruali, akazungusha ufunguo. Stata ikakoroma kwa uzito, ikasita, na kwa muda ambao mtu anavuta pumzi moja hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa mvua juu ya ziwa. Halafu injini ikashika. Boti nzima ikatetemeka.

Hermani akamwachia mkwewe usukani kidogo, akaenda mbele, akaingiza mkono chini ya kiti alicholalia binti yake, akapapasa tyubu. Nta ilikuwa imeanza kulainika. Ndani yake kile kijiti kilikuwa na joto, si kali, joto la mkono wa mtu. Akarudi nyuma, akaangalia ng'ambo ambako hakukuonekana kitu, viboko upande wa kushoto, matete yaliyong'oka yakielea kila mahali.

Mkwewe akafungua kamba. Boti ikaanza kuachana na nchi kavu, hatua moja, hatua mbili. Bonaventura alibaki amesimama kwenye tope na daftari lake, suruali imelowa mpaka magotini. Nafasi ilikuwepo, kiti cha katikati kilikuwa kitupu.

Natalia aligeuka kwa shida, akamtazama.

"Mjomba," alisema, "wewe hupandi?"